Mantiki na Maji ya Shemeji

Jumatatu, 3 Machi

Nimetukanwa. Kikaoni, mbele ya watu wenye vyeo. Mkuu wa kitivo ametangaza kwamba masomo ya lazima kwa wanafunzi wote wa mwaka wa kwanza ni mengi mno na yamechakaa. Kutoka manane yatabaki manne. Aliposema yamechakaa, alinitazama mimi.

Mantiki nimeifundisha miaka kumi na mitano. Ukumbi mkubwa, kipaza sauti, vijana mia nane wanaoandika hata nikikohoa. Ikishushwa kuwa somo la hiari, kwisha habari yangu. Nani atakayeichagua kwa mapenzi yake? Mwaka mmoja ratiba ilikosewa ikaandikwa kwamba ni ya hiari. Alikuja kijana mmoja, akachaji simu, akaondoka.

Na anayeitaka nafasi yangu ni nani? Mtaalamu wa udongo. Amependekeza somo jipya liitwalo Maji. Maji tu! Muhula mzima, awe mwanafunzi wa sheria au wa muziki, asome maji: yanatoka wapi, yanakwenda wapi, ni mali ya nani. Wajumbe wakapiga meza kwa furaha. Nikauliza kama muhula unaofuata tutafundisha Upepo. Hakuna aliyecheka ila yeye mwenyewe, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Kikulacho ki nguoni mwako. Mtaalamu wa udongo ni kaka wa mke wangu. Kila Jumapili anakula mezani kwangu. Tangu nioe, paja la kuku sijalionja.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata dawa yake. Nilisimama kikaoni nikatoa hoja isiyo na mwanya. Kinachopaswa kujulikana na kila mtu, sisi walimu tuwe wa kwanza kukijua. Kwa hiyo kabla somo halijaitwa la lazima, wahadhiri walifanyie mtihani. Mimi nifanye wa Maji, mtaalamu wa udongo afanye wa Mantiki, wengine nao kila mmoja afanye wa somo lisilo lake. Wasahihishe wanafunzi, kwa mwongozo wa mwenye somo, wasimpendelee mtu.

Mkuu wa kitivo akasema hilo ndilo wazo langu la kwanza zuri. Nimelipokea kama sifa. Mtihani ni Ijumaa.

Shemeji atafeli. Huyu ni mtu ambaye ukimwambia "tuseme mvua inanyesha," anachungulia dirishani. Akiumbuka mbele ya kitivo kizima, Maji yake yatakauka yenyewe. Nimetembea kurudi nyumbani nikipiga mluzi.

Jumatano, 5 Machi

Mke wangu ameniharibia furaha. Yeye ni hakimu, na kazi yake haishii mahakamani. Nilimweleza mpango wangu wakati anasoma gazeti. Akauliza, bila kuinua macho, kaka yake akifeli Mantiki watu watamlaumu nani. Nikasema yeye, bila shaka. Akasema hapana. Ni msomi, ana shahada tatu. Msomi akishindwa na somo la mwaka wa kwanza, linalolaumiwa ni somo. Na mimi nikifaulu Maji? Watasema kumbe Maji yanafundishika hata kwa wagumu.

Kisha akageuza ukurasa. Nimehukumiwa bila hata kuitwa jina.

Sikuwa nimeliona hilo. Nasema kweli, mimi mwalimu wa Mantiki sikuwa nimeliona! Lakini sikukata tamaa. Nimeugeuza mpango juu chini: shemeji lazima afaulu, na mimi lazima nifeli. Nikampigia simu, nikamwambia aje jioni nimpige msasa. Alishukuru sana, akasema miaka yote hii hakujua kwamba nina roho nzuri. Nikamjibu kwamba ndugu ni kufaana. Niliona haya kidogo, ikapita.

Nilianza na rahisi. Watu wote wana mbawa. Karani wetu ni mtu. Je, karani ana mbawa? Akasema karani anamfahamu vizuri, hana. Nikamweleza asimtazame karani, aitazame hoja. Akafikiri sana, halafu akauliza kwani karani ameugua. Nilimfundisha mpaka koo likaniuma. Alipoondoka alisema ameelewa kila kitu. Uso wake ulisema hivyo pia.

Alhamisi, 6 Machi

Shemeji hapendi kubaki na deni la fadhila. Baada ya kazi alikuja ofisini, akaniburuta kupanda kilima nyuma ya mabweni hadi kwenye tangi la maji. Mimi na viatu vyangu vya kikaoni. Nilikwenda kwa sababu ya adabu tu, na ili nisije nikashukiwa.

Akanionyesha maji ya mto yanavyoingia machafu kabisa, yanavyopita kwenye kokoto, kisha mchanga mnene, kisha mchanga laini, na yanavyotokea upande wa pili meupe. Akanionyesha bomba linaloshuka kwenye hospitali, na lingine, jembamba zaidi, linaloshuka kwenye mtaa wa watu wengi zaidi. Nikauliza nani aliamua hivyo. Akasema hilo ndilo swali la wiki ya tano. Nikauliza tena, na tena. Nilijikuta nimechutama kando ya kisima cha kuchujia, tai imelowa.

Naliandika hapa tu, na lisijulikane: nilifurahi. Sijafurahi hivyo kazini kwa muda mrefu.

Njiani kurudi hasira zikanirudia, tena zaidi. Hata lugha yenyewe imehongwa! Maji yamenifika shingoni. Maji yakimwagika hayazoleki. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyakoga. Nimetafuta methali moja tu ya kuitetea Mantiki. Hakuna.

Ijumaa, 7 Machi

Niliingia chumba cha mtihani nimeazimia kuacha karatasi nyeupe. Kufeli kwa heshima, mikono nimeifumbata, kama mtu anayelidharau swali.

Swali la kwanza: eleza safari ya maji mpaka yafike kwenye bomba la nyumbani kwako. Nikaweka kalamu chini. Pembeni yangu alikaa mwalimu wa historia, naye anafanya mtihani huohuo. Alikuwa anatafuna kifuniko cha kalamu. Akaniangalia, akaona karatasi yangu tupu, akatikisa kichwa kwa huruma.

Huruma! Mimi nihurumiwe na mtu anayetafuna kalamu? Nikaandika mstari mmoja, aone tu kwamba najua. Mmoja ukaita wa pili. Nikachora kokoto, nikachora mchanga wa aina mbili. Kwenye swali la bomba jembamba niliwaka moto, nikaandika kurasa nne. Niliomba karatasi ya ziada mara mbili. Nilipotoka ndipo nikakumbuka kwamba nilikwenda kufeli.

Jumanne, 11 Machi

Matokeo yamesomwa kwa sauti. Maji: wa kwanza ni mimi. Mkuu wa kitivo akasema kama somo limemgusa hata mwenzetu huyu, basi hakuna mwanafunzi litakayemshinda. Makofi.

Mantiki: shemeji amepata sifuri. Niliiomba karatasi yake. Swali: mvua ikinyesha, barabara hulowa. Barabara imelowa. Je, mvua imenyesha? Mwongozo wangu unataka jibu moja tu, kwamba haiwezi kujulikana. Shemeji ameandika: "Hapana. Bomba limepasuka karibu na maktaba. Nimeshawaita mafundi." Pembeni mwanafunzi aliyesahihisha ameandika kwamba jibu ni zuri ila mwongozo haulitaki.

Basi. Maji ni la lazima. Mantiki ni ya hiari, na itafutwa kabisa kama hadi Jumatatu saa sita mchana haitakuwa na mwanafunzi hata mmoja. Halafu, kwa kuwa nimefaulu vizuri, nimeteuliwa kuwa msaidizi wa kufundisha Maji. Msaidizi wa nani? Wa shemeji!

Mke wangu alisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Nikamwambia visima ni somo la kaka yake.

Jumapili, 16 Machi

Wiki nzima nimepita kwa karani kila asubuhi. Hakuna aliyejiandikisha. Jana sikulala vizuri. Nilifikiria ukumbi mkubwa na vijana wale mia nane, na mimi nikiwa pembeni nimeshika ndoo ya mchanga. Nilikaribia kulia.

Leo shemeji amekuja kula kama kawaida. Akakaa, akajikuna kichwa, akasema kwamba Ijumaa jioni, nilipokuwa nimekwishatoka, alijiandikisha Mantiki. Ameuliza, wahadhiri wanaruhusiwa. Yeye ndiye mwanafunzi pekee. Eti tangu siku ile zile mbawa za karani hazimtoki kichwani, na anahisi kuna jambo pale analolikosa. Eti nilifundisha vizuri, mgumu ni yeye. Kisha akachukua paja la kuku, akaliweka kwenye sahani yangu.

Mke wangu akauliza kama sina neno la kumwambia shemeji yangu. Nikasema chumvi imezidi.

Lakini mimi si mtoto. Nimekaa chini nikalipanga jambo hili hatua kwa hatua, kama ninavyofundisha. Mtu aliyeninyang'anya ukumbi hawezi kunitakia mema. Huyu ananitakia mema. Kwa hiyo ni mpelelezi. Ameimaliza Mantiki kwa nje, sasa anataka kuingia ndani. Na lile paja ni hongo, japo lilikuwa tamu.

Mantiki haitachezewa na mtu wa udongo. Kesho asubuhi, mapema kabla ya saa sita, nitakwenda kwa karani nimfute jina lake. Darasa langu litabaki safi.