Turudishieni Musemaji wa Filimu

Kolwezi, tarehe 14 Novemba 1993

Kwa Tata Chef wa Cité,
Ofisi ya nyumba za kampuni, Dilala

Jambo: maombi ya kurudishiwa Badibanga

Tata Chef,

Mi ni Kisimba Louis, karani wa magazini ya vifaa, miaka kumi na saba ya kazi bila kuchelewa, na tangu mwaka 1990 niko katibu wa Kamati ya Batazamaji wa video ile iko nyuma ya soko ya Dilala. Nakupa barua hii kwa mikono mbili. Nilifikiri kwanza kuandikia bakubwa ya kule juu, lakini mwaka huu beko na kazi mingi ya kufukuza batu, na mi sipendagi kusumbua mutu ku kazi yake.

Ukumbi wetu unaujua, Tata, hata kama hujafika. Televisheni moja, video moja, benchi kumi na mbili, na pembeni ya televisheni nafasi ya mutu mumoja kusimama. Ile nafasi ilikuwa ya Badibanga. Ku kazi alikuwa fundi ya umeme, lakini saa tisa ya muchana, akitoka kazini, alikuwa musemaji: filimu inazungumuza Kiingereza ao Kishinwa, na ye anatuelezea kwa Kiswahili, na kijiti mu mukono, neno kwa neno. Mwezi wa tatu alipanda treni pamoja na batu wengine ya jimbo ya Kasai, sababu bale bakubwa balisema kila mutu arudie kwao. Tangu siku ile ukumbi wetu umekufwa, na tunalomba arudishwe. Naweka malalamiko kwa namba, ofisi isipoteze hata moja.

1. Ya kwanza, tulipoteza jamaa yetu yote mara moja. Hapa sisemi juu ya Badibanga, nasema juu ya mastaa. Badibanga alituonyesha asili ya kila mumoja. Yule mukubwa, mwenye mikono sawa mifuko ya unga, mwenye kutokaga jasho hata akikaa, alikuwa dereva wa mashine ku mugodi ya Mutoshi. Injinia alimuandikia kosa ya uongo, bakamukatia unga ya mwezi, na miaka tatu yote yule tata alikuwa anatafuta unga yake. Alikuwa anabeba bunduki sababu kila ofisi alikuwa anafikia ilikuwa imefungwa. Yule mwingine, mwenye kupigaga mateke ya juu na kuvaa miwani ndani ya nyumba, alikuwa mudogo wake, mama moja. Na yule mama ya nywele ya manjano, mwenye kulia muzuri kupita batu yote, alikuwa dada yao, aliolewa vibaya. Kila kaseti ilikuwa habari mupya ya ile nyumba. Batu balikuwa banatoka kazini mbio kusikia kama dada aliacha ile bwana. Kinyozi ya soko alikuwa anakata nywele ya mudogo wake, fupi mbele, ndefu nyuma, na hata mi nilikata, mi mutu mwenye batoto sita. Ile miaka ilikuwa mizuri, Tata. Naisema wazi, naikumbuka sana.

2. Ya pili ni juu ya yule balituletea kwa nafasi yake, kijana Kabemba. Huyu alikaa Kitwe, ngambo ya mupaka, miaka munane na Kiingereza anakijua kabisa, na hapo njo shida inaanzia. Anasema ile kitu banasema kweli. Siku ya kwanza alituambia kama yule mukubwa ni polisi mwenye kuwa kwenye likizo. Mutoshi hakuna, unga hakuna. Yule wa mateke si ndugu yake, hata hawajuane. Na yule mama ya nywele ya manjano si dada, ni muchumba ya yule mukubwa. Lakini Tata, tuliwaona wale mara ngapi banabusiana ku midomo, na Badibanga alikuwa anatuelezea kama kwao dada na kaka basalimianaga vile, ni desturi, tusicheke desturi ya batu. Bazee mbili balisimama, bakavaa kofia, bakaenda. Mama mumoja wa kikundi cha maombi, mwenye alikuwa anaombea ile ndoa kila Ijumaa, aliuliza maombi yake yote ilikuwa inakwenda kwa nani.

Kamati ilifanya uchunguzi. Tuliuliza: Badibanga alikuwa anajua Kiingereza? Jibu: hapana, hata neno moja. Kifaransa yenyewe ilikuwa ya shida. Alikuwa anaangalia sura ya batu, basi. Tulipiga kura, na kwa sauti kumi na moja juu ya mbili Kamati iliamua kama uongo ya Badibanga iko na kazi ya fundi, na kweli ya Kabemba haina mukono ndani. Procès-verbal, karatasi ya ule mukutano, iko, nitaitoa ofisi ikiitaka.

3. Tulijaribu pia kuangalia bila musemaji, tusilaumiwe kama hatukujaribu. Kila mutu alielezea mwenzake wa pembeni. Kufika katikati, benchi ya kushoto balikuwa banaangalia filimu ya kulipiza kisasi, na ya kuume balikuwa banaangalia harusi. Staa alipokufwa, kushoto balilia na kuume balipiga vigelegele. Yenye ilifuata sitaiandika hapa, Tata ni mutu wa kanisa. Tuna sasa benchi kumi na moja.

4. Ya ine ni ya sheria, na hapa nalomba ofisi isome polepole. Balisema kila mutu arudie kwao. Ku mukutano yenye balisemea ile neno mi mwenyewe nilikuwa, na nilipiga makofi, sababu mahali batu yote banapiga makofi, mikono yenye haipigi inaonekana mbali. Basi tufuate ile sheria. Badibanga alizaliwa hapa, ku hospitali ya hapa. Babu yake alitoka Kasai kwa sababu kampuni ilimufuata kule, ikamupa kandarasi, blanketi na sufuria, ikamuleta. Badibanga mwenyewe Kasai hajafikaka. Siku ya treni aliniuliza ni upande gani inaelekea, akae akiangalia mbele.

Sasa tuhesabu mastaa. Mu Dilala hakuna hata mumoja alizaliwa. Banatoka Amerika, banatoka Hong Kong, na hakuna mutu aliwauliza kijiji ya babu. Sura yao iko ku kinyozi, iko ku baa, iko ku mulango wa choo. Bale bajeune, vijana ya hapa, benye balipita kugonga milango ya Bakasai na fimbo, balikuwa na tisheti ya yule staa mukubwa, na kitambaa kichwani sawa ye. Mugeni njoo, mwenyeji apone, ni vizuri. Lakini mu cité hii mugeni alibakia ku ukuta na mwenyeji akapanda treni. Kamati inadai haki sawa. Ao mastaa bapande treni yenye itafuata (kaseti ni makumi ine na moja, nilizihesabu, zinaenea mu sanduku moja), ao Badibanga arudi. Mambo mbili kwa mara moja, hatuikubali.

5. Ya tano ni ya jamaa, lakini Kamati ilinipa ruhusa. Badibanga ni shemeki yangu. Alioa dada yangu mudogo, Fidélie. Fidélie ni wetu, wa kaskazini ya jimbo hii kama mi, na hakuna mutu alimugongea mulango. Alibakia hapa na batoto mbili. Kila siku saa tisa anakuja ku ukumbi, anakaa benchi ya mbele, upande ule bwana yake alikuwa anasimama. Televisheni haiangalie. Anaangalia ile nafasi tu, na Kabemba ameniambia hawezi kufanya kazi na mama mwenye kumuangalia miguu. Nyumbani anapika bukari ya batu ine. Sehemu ya ine ananiita mi niikule. Naikula, sababu kukatala chakula ya dada ni matusi. Batoto bakiuliza baba yao iko wapi, anawaambia iko anamaliza kuelezea filimu moja murefu. Barua ya kutoka kule haijafika hata moja. Anasema pengine posta. Mi pia nasema pengine posta.

Ofisi ikiuliza namna gani mutu mwenye aliondolewa anaweza kurudi bila kuaibisha wale balimuondoa, Kamati imefikiri njia tatu.

Njia ya kwanza ni yangu mi, ya mutu wa magazini. Unajua desturi ya kampuni: hata bolti moja haitoke ku geti bila karatasi ya kutokea, na sahihi yako chini. Badibanga tumuandike ku orodha ya vifaa: televisheni moja, video moja, transfoma moja, musemaji mumoja. Nimetafuta mu makaratasi, na karatasi ya kutokea ya Badibanga haiko. Kumbe alitoka bila ruhusa, kifaa cha cité, na kifaa chenye kimetoka vile kinafuatwaga popote kiko na kurudishwa ku rafu. Fomu nimeisha kuijaza, kopi tatu, inangojea muhuri tu. Ukiniuliza juu ya nini mutu aandikwe kifaa, nitajibu kama mwaka huu vifaa havikufukuzwa.

Njia ya pili: kama kifaa haiwezekani, arudi kama staa. Mutu anapendwaga hapa akitoka mbali, na Badibanga sasa anatoka mbali. Tutamuchora ku ukuta.

Njia ya tatu: Kamati na batazamaji yote bahamishwe kule aliko, batu makumi sita na tatu, na benchi kumi na moja. Lakini hii sisi hatuitaki sana. Batu batasema tulifukuzwa, na ingekuwa kweli, na mu cité yetu kweli tulisha kuonja, haikutufaa.

Nakusalimia, Tata Chef, na mama ya nyumba, na batoto, na sekretari wako mwenye kuandika muzuri, na mulinzi ya geti, bamupatie viatu. Kamati inasalimia pia batu ya Nzilo benye kutupa umeme siku tatu kwa juma. Hatulalamike. Zile siku ingine tunakaa ku benchi, televisheni imezimika, na tunakumbushana filimu za Badibanga toka mwanzo. Wafwako, aksanti sana.

Mimi mutumishi wako mwenye kungojea muhuri,

Kisimba Louis
Katibu

N.B. Tata Chef, bahasha nilikuwa nimeisha kuifunga, nimeifungua tena.

Siku ya treni Fidélie alikuwa ku gare, kituo ya treni. Alikuja na sanduku, mutoto mumoja mugongoni na mwingine mukononi, kupanda pamoja na bwana yake. Batu balikuwa wengi sana, hakuweza kufika ku dirisha. Badibanga alikuwa ndani, hakuweza kushuka. Mi nilikuwa katikati. Makelele ilikuwa mingi, kila mumoja alikuwa anasikia mi tu. Badibanga aliniambia ku sikio: Umulete, tunakwenda wote. Fidélie akaniuliza kwa nyuma: Anasema nini? Nikamuambia: Anasema ubakie na batoto, atakuandikia. Kisha nikageukia dirisha, nikamuambia Badibanga: Amekatala. Anasema ye ni wa hapa.

Mu juma moja kabla, nilikuwa nimesaidia kuzika batoto tatu pale pale ku gare, benye balikuwa banangojea treni na mama zao. Niliogopa. Hii ni sababu yangu, na sijui kama inatosha. Wote mbili balinisadiki. Barua haifiki si kwa ajili ya posta, Tata. Haiandikwe.

Basi akirudi leo, kitu ya kwanza batafanya ni kuzungumuza ye na bibi yake, bila musemaji. Kwa hiyo nilitaka kuondoa maombi yote, ya kwanza mpaka ya tano, na kukulomba upoteze barua hii.

Lakini mwenye kukuletea ni Fidélie mwenyewe, anakaa pale mbele yako ku benchi. Kusoma hajui. Jana alinilomba nimusomee, nikamusomea mpaka ku salamu, akacheka ku ile ya bolti, mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu. Hii ya chini nilishindwa. Umusomee, Tata, neno kwa neno.