Dada, Usije Kumchukua Hakimu

Kutoka bweni la vibarua, chumba cha mwisho, kilichopakana na mashine ya kuchanganyia zege.

Kwa Dada Mkubwa, mlezi wa sisi sote.

KUHUSU: PINGAMIZI LA SAFARI YAKO YA MWISHO WA MWEZI

Dada yangu uliyenitangulia kwa miaka na kwa akili,

Shikamoo. Nimesikia mgongo wako umepona kabisa baada ya upasuaji. Nimefurahi, na ndiyo maana naandika, kwa sababu afya yako hiyo imeanza kuniletea matatizo.

Umeniambia kwa simu kwamba mwisho wa mwezi unapanda basi kuja kumchukua mdogo wetu. Umesema umepona, umemkumbuka, na nyumba imekuwa kimya kama duka lililofungwa. Kwenye simu huwa unanishinda, maana unaongea haraka na mimi nina vumbi la saruji kooni. Kwa hiyo nimeamua kuandika, na barua hii utaletewa na dereva wa lori la saruji anayepita huko kwetu. Shule niliiacha mapema, hilo unalijua, lakini kulalamika hakuhitaji cheti. Malalamiko yangu nimeyapanga kwa namba ili usipate pa kuponyokea.

1. Lalamiko la kwanza ni namna ulivyonikabidhi. Mwanamume mzima, mrefu kunipita, mwenye usonji tangu kuzaliwa, ambaye umemlea peke yako tangu mama alipofariki, ulinikabidhi pale stendi kwa maneno matatu tu. La kwanza, asiguswe ghafla. La pili, vyakula visigusane kwenye sahani yake. La tatu, nisimwambie neno nisilolimaanisha. Basi, ukapanda gari ukaondoka kwenda hospitali. Mimi nikaona la pili ndilo gumu, nikaenda kutafuta sahani yenye vyumba. La tatu nikaliona jepesi kama unyoya. Dada, ulikuwa wajibu wako kunikamata shati na kulirudia hilo la tatu mpaka watu wa stendi watushangae.

2. Lalamiko la pili ni salamu. Siku nilipomleta, wenzangu walikuja kumpokea kama watu wastaarabu. Mchomeleaji wa vyuma, tunayelala naye chumba kimoja, akapita na mswaki mdomoni akamwambia, "Habari za nyumbani?" Mdogo wetu akamjibu. Akamjibu zote. Akamweleza mgongo wa dada, bati la jikoni linalovuja, na paka wa jirani aliyezalia kwenye kikapu cha nguo safi. Povu likamkauka yule bwana mdomoni. Mdogo wetu alipomaliza akamuuliza, "Na za kwenu?" Mchomeleaji akasema, "Nzuri." Mdogo wetu akaendelea kusubiri. Unajua anavyosubiri, anayumbayumba taratibu na kutazama ukuta. Mwishowe mchomeleaji akatoa mswaki akasema, "Kusema kweli, ndugu yangu, si nzuri. Mke wangu hapokei simu zangu."

Tangu siku hiyo bweni limeharibika. Watu wanaulizana habari na wanajibiwa. Fundi bomba nimefanya naye kazi muda wote huu nikidhani hana mtu duniani, kumbe ana mapacha, na mmoja anaumwa kifua. Juzi tulichelewa kazini kwa sababu mtu alisema "Habari za asubuhi" bila kufikiri.

3. Lalamiko la tatu ni neno "karibu". Wewe na mimi tumekua tukijua kwamba ukiwa unakula na mtu akapita, unasema karibu, naye anasema nimeshiba, kila mtu anabaki na heshima yake na wewe unabaki na chakula chako. Mdogo wetu hakuliafiki jambo hili. Tulikuwa tumekaa nje na wali wetu na maharage, kila kimoja chumbani kwake, akapita nyapara, yule msimamizi wetu mkali ambaye hata kivuli chake kinatukaripia. Nikasema, "Karibu, mkubwa." Akasema, "Endeleeni, nimeshiba." Mdogo wetu akamwambia, "Hujashiba. Mchana hukula. Ulikuwa unagombana na watu wa mchanga." Akainuka, akaleta kijiko, akakifuta, akampa. Dada, nyapara alikaa. Alikula upande wangu wote! Sasa anakuja kila jioni na kijiko chake mfukoni, na mama mpishi ananiongezea upawa mmoja huku akiniambia, "Wewe ulimkaribisha, usinitazame mimi."

4. Kutokana na hayo vibarua wamempa jina la Hakimu. Hilo peke yake si lalamiko, lalamiko ni hukumu zake. Siku moja nyapara alinitafuta, akamuuliza niko wapi. Ndugu mwenye damu yangu, niliyemnunulia sahani, akamjibu, "Kaka amelala nyuma ya mchanga. Amefunika uso kwa kofia. Amesema akitafutwa niseme yuko juu anamwagilia ukuta. Lakini hayuko juu." Nilipomlaumu alinitazama kwa huruma kama mtu anayemwona mwenzake amevaa viatu vya kushoto miguu yote miwili. Sasa toroli likivunjika hakuna ugomvi tena. Watu wanamwangalia Hakimu tu, na aliyelivunja anainua mkono kabla hajatajwa. Nimefanya kazi za ujenzi tangu ujana wangu, na sijawahi kuona jambo la kutia hofu kama hilo.

6. Lalamiko la sita ni kelele, au niseme ukosefu wake. Wiki ya kwanza mashine ya zege iliwashwa ghafla yeye akiwa karibu. Alianguka chini, akaziba masikio, akapiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Kibarua mmoja akasema kwa sauti, "Huyo ana mashetani, mfungeni." Sikumpiga, Dada, ingawa koleo nilikuwa nalo. Nililala chini kando yake bila kumgusa, kama ulivyoagiza, nikatazama naye mawingu. Nyapara akazima mashine. Watu wote wakakaa chini, na jengo zima likanyamaza kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Mdogo wetu aliponyanyuka akamwendea yule aliyetaja mashetani akamwambia, "Kelele inauma." Basi, hivyo tu. Yule bwana siku ya pili akaja na vile vifuniko vya masikio anavyotumia mtu wa kuchimba mwamba, akavitia kichwani mwake kwanza kumwonyesha, akamwachia. Na sasa kabla mashine haijawashwa lazima mtu apunge kitambaa na Hakimu apunge wake. Zege letu linachanganywa kwa adabu kuliko harusi. Je, hii ni kazi au ni shule?

Hapa mdogo wetu, aliyekaa pembeni yangu akitazama karatasi, ameweka kidole penye namba nne, kisha penye namba sita, kisha amenitazama. Nimemwambia la tano nimeliruka kwa sababu ni refu, nitalirudia. Sasa nimeshasema, sina budi kulirudia.

5. Lalamiko la tano. Nikienda kazini huwa namwambia, "Narudi jua likifika kwenye tangi la maji." Jua likifika kwenye tangi, anakuwa amesimama getini. Mvua inyeshe, isinyeshe. Siku moja nilipitia kwa fundi viatu, nikapiga soga, nikarudi nimechelewa. Nilimkuta getini amelowa, anajipiga paja kwa ngumi, anasema, "Tangi, tangi, tangi." Ilichukua muda mrefu kumtuliza. Nilimfunika godoro kama unavyofanya, nikalikalia pembeni liwe zito, nikamwimbia ule wimbo wako wa kuosha vyombo. Mwili wangu umezoea kubeba zege ngazi hadi ngazi, lakini jioni ile nilichoka mpaka nikashindwa kufungua kamba za viatu. Ndipo nikajiuliza ni jioni ngapi kama hizo umezipitisha wewe, na kesho yake nikikupigia simu unaniambia kwamba ninyi hamjambo. Ulinidanganya, Dada. Hilo ndilo lalamiko.

Na lingine limo humo humo. Kabla hajaja, nilikuwa nikirudi au nisirudi, hakuna aliyejua. Ningechelewa hadi mwaka mwingine, mchomeleaji angepata nafasi ya kunyoosha miguu. Sasa siwezi kuchelewa hata kwa soga. Umeniwekea mtu getini, nimemzoea, halafu unataka kumwondoa. Hata mbwa huwezi kumfanyia hivyo.

7. Kwa hiyo natamka rasmi kwamba ukimchukua Hakimu, haya yafuatayo yatakuwa juu ya kichwa chako. Mchomeleaji atarudi kusema nzuri, na mke wake, ambaye ameanza kupokea simu, ataacha. Mapacha wa fundi bomba hawataulizwa hali tena. Nyapara atashiba kwa uongo na njaa itamrudisha kwenye ukali. Matoroli yatavunjika bila mwenyewe. Jengo lenyewe, lenye ghorofa na ngazi na watu wa kuja kuishi humo na watoto wao, litamaliziwa na watu wanaodanganyana. Wewe utaweza kulala?

Nadai basi uifute safari yako. Nadai pia uniletee blanketi lake lile zito, na kikombe chake cha bluu chenye mkono uliovunjika. Na kama umemkumbuka sana, hakuna aliyekuzuia kuja kuishi hapa bwenini kama mgeni wetu. Utalala kwa mama mpishi. Anakoroma, lakini hasemi asilolimaanisha.

Tena naomba usiniulize nitarudi nyumbani lini. Hilo nimekujibu kwa simu juzi, naye mdogo wetu akisikia, kwamba paa likiisha tu, mimi na yeye tunakuja. Ni maneno ya siku zote. Kila jengo nimekuwa nikikwambia hivyo, wewe unaniitikia haya, jengo jingine linaanza, na maisha yanakwenda. Sisi wakubwa tunaelewana.

Nategemea utayapokea malalamiko haya kwa moyo mkunjufu kama ulivyopokea mengine yangu yote tangu utotoni, ambayo mengi yalikuwa ya kukusingizia.

Nisalimie shangazi, na fundi cherehani wa jirani, na yule paka na wanawe. Msalimie mwalimu wangu wa zamani, umwambie nimeandika kurasa nyingi bila kulazimishwa. Binamu yetu mwuza redio usimsalimie, kwa maana hapa siku hizi hatutumi salamu ambazo hatuna.

Wako mtiifu katika kila kitu isipokuwa hili,

Mdogo wako wa katikati, mbeba zege.

Nyongeza: Dada, barua nilikuwa nimeifunga. Leo wamepigilia bati la mwisho. Tulishangilia, tukashuka, nikaenda chumbani kunawa. Mlangoni nikakuta mabegi mawili. Moja lake, moja langu. Langu limepangwa vizuri kuliko nilivyowahi kulipanga mimi, na soksi zimekunjwa mbilimbili.

Nikamwambia, "Mdogo wangu, lile la paa nilikuwa nasema tu."

Akafikiri sana. Akasema, "Ulisema."

Nikakimbia kwa nyapara kuzuia mambo, nikakuta yamepita. Hakimu alikuwa ameshamwendea, amesimama mbele yake, amemwambia paa limeisha, kaka na mimi tunaondoka. Na kwa kuwa neno la Hakimu hapa halina rufaa, nyapara alikuwa ameshampa mtu mwingine koleo langu. Nikafungua mdomo nimwambie siendi. Mdogo wetu alikuwa nyuma yangu, ameshika viatu vyangu vya safari, amevipaka rangi. Mdomo ukajifunga wenyewe. Nyapara akaniambia jengo jingine linaanza mvua zikikatika, na nafasi zetu zipo, yangu na ya mpunga kitambaa, akaongeza, "Na usinitazame hivyo, nasema ninachokimaanisha." Mama mpishi ametufungia chakula cha njiani katika vifurushi vitatu, ili kisigusane. Mchomeleaji alipotuaga nilimwambia tutaonana, kisha nikajishika, nikamwambia ni baada ya mvua.

Dereva wa lori la saruji amesema badala ya kubeba barua atatubeba wenyewe. Nilitaka kuichana, lakini mdogo wetu amekataa. Anasema imeandikwa kwa Dada, basi lazima ifike kwa Dada. Ameiweka mfukoni mwa shati na anaishika kila lori likiruka shimo, nami nyongeza hii naiandika kwenye karatasi nyingine. Kwa hiyo utakuwa unaisoma mimi nikiwa nimekaa mbele yako, natazama sakafu. Tafadhali la tano usilisome kwa sauti.

Na ukitufungulia mlango, Dada, ukaniona nimezeeka na kukonda, usiniulize habari za huko kama umeweka kitu jikoni. Kitaungua.