Kitanda Changu na Viti vya Wajukuu

Jumatatu, 4 Agosti

Leo nimetangaza rasmi, mkate ukiwa bado mdomoni: Jumamosi nawapeleka wajukuu ziwani kwa gari langu. Zamani lilisambaza mikate. Sasa lina kitanda, jiko na benchi la ubavuni, vyote kazi ya mikono hii. Harufu ya mkate imegoma kutoka. Raha tupu!

Binti yangu, mama yao, akamaliza chai yote kabla ya kujibu. Dalili mbaya. Akasema wanawe hawapandi mpaka viti vyao vya watoto vifungwe visitikisike. Nikishindwa, watakwenda na babu yao wa upande wa pili. Huyo mkwe mwenzangu namwita Mzee Pasi, maana mkunjo wa suruali yake unaweza kukata nyanya. Ana gari dogo, safi, halina kelele, kama mwenyewe. Wajukuu zangu waonyeshwe ziwa na pasi? Thubutu!

Jumanne, 5 Agosti

Viti nimevifunga juu ya benchi kwa kamba ya kuanikia nguo. Mikanda nimeikaza kwenye mbao kwa skurubu. Nikatikisa. Imara! (Nilitikisa kistaarabu.)

Kisha jaribio. Gunia dogo la mchele la mama watoto, mke wangu, ndani ya kiti kimoja, mwendo wa pole, breki ya ghafla getini. Kiti, benchi na gunia vikaja mbele kunisalimu. Mchele hadi ndani ya kola. Kuku wa jirani wanakula bado.

Mama watoto akatoka na ufagio. Nilijiandaa kwa matusi. Akauliza tu, lile gunia lilikuwa mjukuu yupi. Nikampokea ufagio, nikafagia mwenyewe.

Jumatano, 6 Agosti

Fundi gari kaingia uvunguni mwa gari, akacheka mpaka viatu vikatikisika. Akasema kamba ni ya nguo, na skurubu zangu zinafaa kutundikia picha. Mkanda wa mtoto lazima ushikwe na chuma cha gari. Tena kiti cha mtoto hakifungwi kwenye benchi linalotazama ubavuni, hata ulichomelee namna gani. Dawa ni safu ya viti halisi inayotazama mbele, yenye mikanda yake, ifungwe kwa boliti zinazopenya sakafu hadi kwenye mabamba ya chuma chini. Nikauliza itakaa wapi. Akaonyesha kitanda changu kwa bisibisi.

Kitanda changu! Nilichokipiga randa mwenyewe mpaka kikang'aa! Nimemwambia hajui kazi. Akanitakia siku njema, akajiondokea.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimepata wazo. Viti nikavirudisha kwenye benchi, nikavibana kwa mito na tofali, blanketi juu. Ukitikisa, hakuna kinachocheza. Binti akaja kukagua. Akasukuma, akavuta, akatikisa kichwa kukubali. Nikaanza kupiga mluzi.

Mjukuu mkubwa ana miaka minne na mdomo wa miaka arobaini. Akachungulia chini ya blanketi, akasema mto wa babu umelala huku. Akauvuta. Tofali likafuata.

Sikugombezwa. Heri ningegombezwa. Binti alikaa kwenye ngazi ya gari, akasema polepole:

"Baba, safari siikatai. Mimi nataka warudi tu."

Ijumaa, 8 Agosti

Nimekikata kitanda kwa msumeno. Sitaki kulizungumzia. Vumbi la mbao huingia machoni.

Nikamfuata fundi kwa heshima zote. Kaja na safu ya viti viwili aliyoikagua mwenyewe. Mzee Pasi naye kaja bila kualikwa. Nilidhani kaja kunicheka. Akavua saa, akaingia uvunguni, akashika spana upande wa chini wakati fundi anakaza juu. Katoka na oili kuanzia goti hadi kiuno, mkunjo umekufa. Nikamwambia leo ndipo ameanza kufanana na mtu. Akanijibu kwamba mimi bado.

Binti akavishika viti pale mkanda unapopita, akatikisa kwa nguvu zote. Gari zima likayumba. Viti, wapi!

"Haya baba," akasema. "Kesho wapakie."

Nikajifanya natafuta koleo.

Jumamosi, 9 Agosti

Ziwani! Wajukuu wamelala njia nzima, vichwa upande, mikanda imetulia vifuani. Nimeendesha taratibu hadi baiskeli zikatupita. Kila nilipokanyaga breki nilitega sikio nyuma. Mkoromo tu. Mdogo kaamka, kaona maji, kaniita babu mara nyingi kuliko anavyopumua.

Dosari moja. Kiti cha mbele kilikaliwa na binti, mkaguzi mkuu, kwa hiyo mama watoto kaja kwa gari la Mzee Pasi. Kashuka na sifa tele: gari laini, halirushi, halinuki mkate. Hilo silivumilii. Wakati wa kurudi atapanda kwangu, nipende nisipende kelele zake. Hapa ufukweni nimeona kiti cha plastiki kisicho na mwenyewe, kinaenea kabisa pale penye jiko la gari.

Fundi alikataa kamba. Akakataa skurubu za mbao. Gundi hakuitaja.