Ombi la Kurudia Harusi ya Dada

Kwa Shangazi yangu mpenzi, Mwenyekiti wa Kamati ya Harusi za Ukoo,

Salamu nyingi na heshima tele. Natumaini magoti yanaendelea vizuri. Ukitaka kujua hali yangu, mwili ni mzima, moyo ndio unaochechemea.

YAH: KURUDIWA KWA HARUSI YA DADA, PAMOJA NA KUREJESHWA KWANGU KAZINI

Nimesikia kwa mama, aliyesikia kwa mke wa mjomba, kwamba kamati imekaa bila mimi na kuamua kuwa harusi ya binti yako mwezi ujao itapigwa picha na Mzee Tabasamu, yule wa studio ya kando ya kituo cha mafuta. Mimi nije kama mgeni, mikono mitupu. Shangazi, nimeumia. Tangu ninunue kamera miezi minne iliyopita sina ndoto nyingine ila kupiga picha za harusi. Sasa ukoo wangu mwenyewe ukinikataa, jirani gani atanipa binti yake nimpige picha?

Nakiri kwamba harusi ya dada haina picha ya pete, wala ya kiapo, wala ya keki ikiwa imesimama. Lakini kosa si langu. Mimi nilijiandaa. Harusi ndiyo haikujiandaa. Naomba nieleze kwa utaratibu:

1. Ukumbi. Mpiga picha mwenye akili huenda kuukagua ukumbi mapema. Mimi nilikwenda Jumamosi tano mfululizo, na daftari mkononi, hadi mlinzi akaanza kuniita mwenye nyumba. Niligundua kwamba saa tisa na dakika kumi jua hupenya dirisha la tatu na kumwagikia kiti cha bibi harusi. Siku yenyewe, saa tisa na dakika kumi, jua lilifika. Dada alikuwa bado saluni. Alipoingia saa kumi na nusu jua lilishahamia kwenye friji ya soda, nami nina picha ya friji hiyo ambayo hata Mzee Tabasamu hajawahi kuipata. Naomba kamati iamue ni nani kati ya jua, mimi na dada aliyechelewa.

2. Orodha. Nilishauriwa niandike orodha ya picha za lazima. Niliandika mia moja na arobaini. Namba thelathini na saba ilisema: baba akidondosha chozi. Shangazi, kaka yako hakulia. Nilipiga goti mbele yake robo saa nzima, lenzi ikikaribia kumgusa pua, mpaka akaniuliza taratibu kama nilikuwa nasubiri apige chafya. Nyuma yangu nikasikia vigelegele, maharusi wanaingia. Lakini kuingia kwa maharusi ilikuwa namba thelathini na nane! Ningeipigaje kabla ya thelathini na saba? Orodha ni orodha.

3. Mazoezi. Hapa ndipo roho inaponiuma zaidi. Fundi cherehani wa ng'ambo ya nyumba yetu alikubali kuwa bibi harusi wa mazoezi. Kila jioni kwa wiki tatu, akishafunga kazi, alijitanda pazia la mteja kichwani na kusimama mlangoni pake. Kwa kuwa bwana harusi hatukuwa naye, niliweka kamera juu ya stendi ijipige yenyewe, nikakimbia, nikamshika mkono na kumtazama machoni hadi ilie. Mara nyingine ililia wala hatukuisikia. Pete tulitumia tondoo, ile kofia ndogo ya chuma anayovaa kidoleni asichomwe na sindano. Nilimvisha mara hamsini na saba. Hakulalamika hata mara moja, ila ile ya arobaini alicheka mpaka akakaa chini.

Sasa nenda kwa shemeji. Alimvisha dada pete kwa sekunde mbili, kama mtu anayezima taa. Nilimwomba kwa adabu aivue airudie. Akakataa! Mfungisha ndoa naye akanikazia macho. Fundi cherehani avishwe mara hamsini na saba, dada yangu wa tumbo moja avishwe mara moja tu? Haki iko wapi?

4. Kadi. Najua maneno yanayosemwa: ati wakati wa kiapo kamera iligoma kwa sababu kadi ilikuwa imejaa. Ni kweli ilijaa. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini ilijaa nini? Maandalizi! Picha elfu moja mia tisa na kumi na mbili za fundi cherehani: akiwa na pazia, akiwa bila pazia, akitunga uzi, akitafuta mkasi uliokuwa shingoni mwake. Mshereheshaji alinishauri nifute chache upesi. Nikaketi kwenye ngazi ya nyuma nichague za kufuta. Nilianza ya kwanza, nikaenda hadi ya mwisho, na sikuona hata moja ya kufutwa. Nilipoinua kichwa walikuwa wanapanga viti.

Mtauliza, kadi ya akiba je? Ilikuwepo. Niliitunza mahali salama kabisa, nyumbani.

5. Keki. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kabla ya kiapo nilitaka picha ya mvunguni, nikainama. Kitambaa cha meza kuwa kirefu kiasi cha kunasa kwenye kifundo cha mguu wangu ni suala la wapambaji, si langu.

Kwa hayo yote naomba, kwa unyenyekevu, mambo yafuatayo. Harusi ya dada irudiwe Jumamosi ijayo. Wageni wavae nguo zilezile, aliyecheka acheke palepale, na shangazi mdogo aanguke tena wakati wa kucheza maana picha hiyo pia niliikosa. Dada afike saa tisa kamili. Shemeji avishe pete kwa muda usiopungua dakika nne. Na kwa kuwa wameshazoeana, watenganishwe siku tatu kabla ili ile aibu ya usoni irudi. Baba akatiwe kitunguu.

Wapo watakaosema harusi ni mara moja tu maishani. Nani alipitisha hilo? Mtu akifumba jicho kwenye picha ya kitambulisho anarudia, tena hapohapo, na hakuna anayelia. Sembuse harusi!

Kuhusu Mzee Tabasamu, simsemi vibaya. Ana uzoefu wa miaka thelathini, na hilo ndilo tatizo lenyewe: hafanyi mazoezi. Huja na kamera mbili, kama mume wa wake wawili asiyemwamini hata mmoja. Hajawahi kuuona ukumbi kutokea chini ya meza. Mtu wa namna hiyo atajua nini kuhusu harusi? Mrudisheni kwenye picha zake za vitambulisho, mnirudishe mimi. Wahenga walisema kosa moja haliachi mke, nami nimehesabu vizuri, yangu hayazidi matano.

Nisalimie mjomba, binamu bibi harusi mtarajiwa, na wanakamati wote, hata walionyoosha mkono dhidi yangu. Shemeji mwambie sina kinyongo, ajizoeze tu kwenda polepole. Baba naye aambiwe aache kujifungia chumbani kila ninapopita na kamera.

Ni mimi mpwa wako mtiifu,
Mpiga Picha wa Ukoo (aliyesimamishwa kwa muda)

N.B. Kabla ya kuifunga bahasha nimevuka barabara kumpa fundi cherehani aisome, maana ana mwandiko mzuri na jicho la makosa. Alipofika namba ya nne akaiweka barua mapajani. Akaniomba azione hizo picha zisizofutika. Tumeziangalia zote elfu moja mia tisa na kumi na mbili, na tondoo nilikuwa nalo mfukoni, nikamwomba nimvishe mara ya hamsini na nane. Shangazi, amekubali! Amekubali kweli, si mazoezi! Tafadhali nenda leo hii kwa Mzee Tabasamu umuulize ana nafasi lini. Aje na kamera zake zote mbili, na ya tatu kama anayo. Mimi nitakuja mikono mitupu. Hatuwezi kubahatisha, Shangazi: harusi ni mara moja tu maishani.