Klachi Iliyopakwa Mafuta ya Mtoto

Jumatatu, 3 Machi

Habari njema kwanza. Mwalimu mkuu wa chekechea ya mtaani kwetu anatafuta mama mwenye gari wa kubeba watoto asubuhi na mchana. Atakayepata kazi, mwanawe atasoma palepale. Maana yake binti yangu Kifaru (tumempa jina hilo kwa jinsi anavyoingia milangoni) hatashinda tena kwa jirani akinililia dirishani. Majaribio ni Ijumaa. Gari ninalo. Baba Kifaru aliniachia alipokwenda kufanya kazi mbali, akasema nilitunze kama mboni ya jicho.

Habari mbaya: wifi yangu naye ameomba. Gari lake halina klachi, anakanyaga tu anakwenda. Amesema mbele ya majirani kwamba mimi nikibadilisha gia, hata kuku wanapisha mapema. Nimecheka na wenzangu. Moyoni nimeumia, maana ni kweli.

Jumanne, 4 Machi

Pedali ya klachi imelegea. Naikanyaga, inazama kama mguu kwenye tope, na gia inakataa kuingia. Nimegundua dawa: ikanyage harakaharaka, inakaza. Nimejipongeza. Wenzangu wanakwenda chuo kusomea mambo haya.

Zulia chini ya pedali limelowa. Nimemgombeza Kifaru kwa kumwaga maji. Ameniangalia tu, kama hakimu.

Jumatano, 5 Machi

Nimempigia simu Baba Kifaru. Amesema nifungue boneti nitazame kikopo kidogo kilicho karibu na kile cha breki. Klachi yetu inasukumwa na mafuta ya humo. Yakipungua ujue yanavuja mahali, nipeleke kwa fundi, nisiongeze kitu kwa akili yangu. Nikaitikia, sawa mume wangu, sawa kabisa.

Kikopo kikavu. Fundi naye anasema ana foleni, gari litalala kwake mpaka wiki ijayo. Na Ijumaa ni kesho kutwa.

Nikakaa nikawaza. Mafuta ni mafuta. Ya kupikia mazito, yataganda. Ya kumpaka mtoto ni mepesi, masafi, na kwenye chupa wameandika kwamba hayadhuru ngozi laini. Kama hayamdhuru mwanangu, yatadhuru chuma? Nimejaza hadi juu. Pedali imekaza. Nimeosha vyombo huku naimba.

Alhamisi, 6 Machi

Mazoezi. Gari limetii. Nimepita mbele ya nyumba ya wifi mara mbili. Ya tatu haikuwa na lazima, nikapita. Alikuwa anaanika nguo. Akauliza kama nimepotea njia, wifi yangu, nielekezwe. Nikamjibu ajiandae kushindwa kwa heshima.

Kurudi nyumbani pedali imeanza kupanda taratibu, kama mtu anayeamshwa aende shule. Nimeamua imechoka. Nimeiacha ipumzike.

Ijumaa, 7 Machi

Sijui nianzie wapi. Mwalimu mkuu mbele, Kifaru nyuma na watoto wengine wawili. Tuliondoka vizuri. Njia panda ya kwanza, pedali ikazama, haikurudi. Nikaivuta juu kwa vidole vya mguu. Ikazama tena. Gari liko gia ya pili, nikajua nikisimama ndiyo basi, sitaondoka tena.

Kwa hiyo sikusimama. Tukalipita lango la shule. Mwalimu akasema shule ile pale, mama. Nikasema namwonyesha mtaa kwanza. Tukazunguka, tukalipita tena. Watoto wakaipungia shule mkono. Safari ya tatu mwalimu akaniuliza, kwa sauti ya upole sana, kama nyumbani ni kwema. Nikakanyaga breki. Gari likaruka, likazimika, pua ndani ya bustani ya maua. Kifaru akapiga makofi, akaomba turudie.

Fundi akaja na kamba. Akafungua kikopo, akanusa. Akanusa tena. Akaniuliza, Mama Kifaru, hii klachi ina miezi mingapi, imeshaanza kutambaa? Mwalimu mkuu akageuka akatazama ukuta, mabega yanacheka.

Kumbe klachi ya namna hii inatumia mafuta ya breki tu. Hayo yangu yamevimbisha raba za pampu ya juu, ya kwenye pedali, na ya chini, ya kwenye gia. Na ile ya juu ilikuwa inavuja tangu mwanzo, ndiyo iliyolowesha zulia. Nilikuwa na raba moja mbovu, sasa ninazo zote. Jioni nimemwomba Kifaru radhi. Amenisamehe kwa sharti nimbebe mgongoni hadi chumbani.

Jumamosi, 8 Machi

Fundi ametuhurumia, katurusha foleni. Raba mpya, mabomba yameoshwa, ikabaki kutoa hewa iliyoingia mabombani. Yeye chini ya gari, mimi kwenye pedali. Kanyaga. Shikilia. Nikaachia kabla hajakaza skrubu ya kutolea hewa, hewa ikarudi yote, tukaanza upya. Akasema tunakanyaga klachi jamani, hatuui mende.

Baba Kifaru kapiga simu kuuliza hali ya gari. Nimesema linapumua vizuri.

Jumatatu, 10 Machi

Wifi kapata kazi. Nimekwenda shuleni kumpa hongera, machozi nimeyameza. Nikiwa natoka, mwalimu mkuu akaniita. Anahitaji mtu wa kukaa na watoto kiti cha nyuma, na wale wawili wa Ijumaa wamekataa kupanda gari lolote bila yule mama wa kuzunguka. Kifaru anaanza kesho. Nikalia palepale, mbele ya wifi, naye akanipa leso yake. Ana moyo, siku nyingine.

Jioni tumeijaribu njia pamoja. Wifi akikata kona, usukani unalia kama mbuzi aliyesahauliwa kwenye kamba. Anataka kumwona fundi. Nimemwambia asijisumbue, aniachie mimi. Usukani unataka kitu cha kuteleza tu, kisichokuwa mafuta, maana kwa mafuta nimeshapata somo.

Nimenunua bamia.