Kalamu Isiyo na Tundu

Jumatatu, 3 Machi
Kiwanda chetu cha kalamu kinatimiza miaka arobaini. Mkurugenzi anatoa kijitabu cha historia: kila aliyeiboresha kalamu yetu ya bei rahisi atapata ukurasa na picha. Shemeji, fundi wa kalibu za kumiminia plastiki, tayari anao. Eti ndiye aliyeipa pande sita isibingirike mezani! Mke wangu amemsifu kaka yake mpaka chai ikapoa. Mimi nina miaka kumi na tisa ghalani. Ukurasa wangu uko wapi?

Jumanne, 4 Machi
Nimeipata! Ubavuni mwa kalamu kuna tundu, dogo kama la sindano. Miaka arobaini na wataalamu wote wale hawajaliona! Nikamwuliza shemeji, kijanja, kama tundu si kasoro. Akasema inategemea tundu. Kijicho tu. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Shemeji ana upara.

Jumatano, 5 Machi
Nimeziba kalamu mia mbili kwa gundi. Vidole vitatu vimegandana, naandika kwa mkono wa kushoto. Nimemwomba mpiga chapa wa kijitabu aniachie ukurasa. Akauliza aniandike nani. Nikamwambia: Baba wa Kalamu Isiyo na Tundu. Akaniomba nirudie.

Ijumaa, 7 Machi
Wanunuzi wa vifaa vya shule walikuja. Kalamu zangu nikazigawa mwenyewe, kifua mbele. Wakaanza kujaza fomu za oda. Baada ya mistari mitano, kalamu ya kwanza ikagoma. Ya pili. Ya kumi! Mnunuzi mkuu akatoa penseli mfukoni. Shemeji akachukua kalamu moja, akabandua gundi kwa ukucha, ikaandika.

“Hewa inaingilia hapa, shemeji,” akasema mbele ya watu wote. “Bila hewa, wino haushuki.”

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Haikupasuka.

Jumatatu, 10 Machi
Mkurugenzi kaniita. Nikavaa tai ya harusi, angalau nifukuzwe nikiwa nadhifu. Kumbe nina ukurasa! Kichwa chake: “Kwa Nini Tundu Lisizibwe”. Picha yangu ipo, na gundi vidoleni. Tena uko mbele ya ule wa shemeji! Mke wangu ameusoma, akaenda chumbani kumpigia kaka yake simu. Nasikia vicheko. Kijicho ni cha ukoo mzima, lakini dua la kuku halimpati mwewe.

Mtu wa historia hasinzii. Nimeketi kuichunguza kalamu upya. Kumbe hata kifuniko kina tundu, pale juu kabisa! Hakuna aliyeliona.

Gundi imebaki nusu chupa.