Dawa ya Paja la Shemeji

Jumatatu, 6 Oktoba 1986

Balaa! Mzee Eliakunda, mgawa maji wetu, ametangaza msaragambo Jumatano. Kijiji kizima kuzoa tope ndivani, bwawa letu la kumwagilia, na asiyechimba hapewi zamu ya maji. Maharage yangu yamesinyaa. Nikikosa zamu, nitavuna vijiti. Lakini mgongo wangu na jembe havijawahi kupatana. Mke wangu Hedwiga anasema mgongo ni mzima, mwenyewe ndiye mvivu. Kaka yake, Elinaza, anachimba kama trekta. Nasomewa sifa zake kila siku.

Nimepata njia! Wachimbaji hawakosi kuumia, na zahanati haina hata aspirini. Nitakuwa mtabibu.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimempa Mzee Eliakunda shikamoo ya kuinama kabisa. Nikasema anayetibu wachimbaji naye ahesabiwe mchimbaji. Akauliza nimesomea wapi. Nikamkumbusha kwamba nilifanya kazi joshoni kule Same, nikiogesha ng'ombe dawa ya kupe. Akakuna kidevu, akakubali. Ila mgonjwa wangu asiporudi kazini, nitachimba sehemu yangu na yake.

Dawa iko tayari. Mafuta ya mgando ya dukani (vitu vimerudi, pesa ndiyo haijarudi), pilipili kichaa, na dawa ya josho niliyobakiza kwenye chupa. Ng'ombe anayechechemea akitumbukia joshoni hutoka mbio. Nimeona kwa macho yangu! Hedwiga ameuliza kama kuna binadamu aliyewahi kuipaka. Wivu tu.

Jumatano, 8 Oktoba

Asubuhi nzima nimekaa kivulini na kopo langu. Hakuna aliyeumia! Mzee akaanza kunitazama vibaya. Nikaanza kuwaombea watu mabaya, Mungu anisamehe. Mchana Elinaza akainua jiwe, akashika paja. Msuli umevutika! Nikaruka kwa furaha, nikajifanya nimejikwaa. Shemeji akasema atapumzika tu, utapoa wenyewe. Nikamwambia maji hayamngoji mtu. Nikamchua paja zima, nikalifunga kwa mfuko wa nailoni ili nguvu isitoke. Akalalamika linawaka moto. Nikasema hiyo ndiyo dawa yenyewe.

Jioni tukaitwa mbio. Elinaza jasho chapachapa, mate yanamchuruzika, anatapika, mboni za macho zimekuwa ndogo kama punje za ulezi. Nikasema ugonjwa unatoka. Wakambeba na kitanda chake hadi hospitali.

Muuguzi, Priska, akauliza amepakwa nini. Nikasema mitishamba ya babu. Akauliza tena. Akasema asipojua hawezi kuchagua sindano, na mtu anakwenda. Mzee Eliakunda alikuwa amesimama mlangoni. Zamu yangu! Nikashikilia ni mitishamba. Hedwiga akanikamata ukosi, analia, akasema nduguye akifa nisikanyage kwake tena. Elinaza akakoroma sauti ambayo sijawahi kuisikia. Nikasema josho. Nimempaka dawa ya josho.

Priska akamvua nguo, akamwosha kwa sabuni na maji mengi, akachoma sindano, akachoma nyingine. Tukakaa kwenye benchi. Sijawahi kumwomba Mungu namna ile.

Alhamisi, 9 Oktoba

Yu hai! Amekunywa uji. Priska amenisomesha mbele ya watu wote. Ngozi nayo hunywa. Kinachoua kupe hakipakwi mtu. Jasho, mate na mboni ndogo ndizo dalili za sumu hiyo, na ukiziona ni kukimbilia hospitali. Paja lilihitaji kupumzishwa na kitambaa cha maji baridi, basi. Nimeitikia kila neno. Hedwiga amelichimbia kopo shimo. Kopo la pili, lile dogo nililoficha, hana habari nalo.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimechimba sehemu mbili, jana na leo, Mzee amenisimamia. Zamu nimepewa. Maji yameingia kwenye maharage, nimekaribia kulia. Lakini mgongo! Hedwiga anasema nijinyooshe tu na kitambaa cha maji baridi.

Nimewaza sana. Kosa lilikuwa pilipili. Pilipili na josho havipatani, mtoto mdogo anajua. Kopo dogo, nililolificha kwenye kiota cha kuku, halina pilipili. Nimejipaka kidogo tu, na nailoni nimeilegeza. Haiwashi hata chembe! Jasho linanitoka, lakini leo kuna joto. Na mate yamenijaa kinywani. Hedwiga ameinjika makande, harufu hiyo nani ataiweza.